Mahindi ya Bangili Moja

Katika kijiji chao cha Fayumu hakuna aliyemjua Metwali kama mkewe Inshirah alivyomjua. Metwali hakuwa mlevi, hakuwa mvivu, na mkono wake hakuuinua juu ya mtu. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: kupenda kitu cha bei kubwa. Viatu alinunua vinavyombana, mradi muuzaji ameapa kwamba ndivyo vinavyovaliwa Kairo. Pampu alichagua kubwa kuliko mfereji wenyewe, ikawa inanyonya tope huku majirani wamejipanga kuitazama. Inshirah alicheka pamoja nao, tena kwa sauti.

Mwaka ule Metwali alirudi kutoka mjini na picha ya gunzi la muhindi, nene kama mguu wa mtoto mchanga. Kijana mmoja muuza mbegu, Wagdi, anayenukia marashi toka asubuhi, alikuwa amemwapia kwamba mbegu hiyo itamzalia mara mbili.

"Umm Rifaat, nipe bangili yako," Metwali alimwambia mkewe, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Tukivuna tu nakununulia nyingine, nzito zaidi."

"Na mbegu yetu iliyoko darini imekufa?"

"Mbegu ya babu yako ile!"

"Babu yangu kaila mpaka kafa kanenepa. Wewe hata suruali inakukimbia."

Bangili ile ndiyo ilikuwa mahari yake, dhahabu pekee iliyobaki mkononi. Aliivua. Hakuamini neno hata moja, lakini alitamani sana kumwona huyu mwanamume akiumbuka mara moja, atulie.

Mahindi yakaota. Yakawa marefu, ya kijani kizito, na majani mapana hata wapita njia wakasimama. Metwali akaanza kutembea kama mwenye kijiji. Inshirah naye, kwa aibu yake mwenyewe, akaanza kutumaini. Alijikuta anapapasa mkono pale bangili ilipokaa, akifikiri nyingine itakaaje.

Joto likaingia, barsimu, majani ya malisho ya mifugo, ikaisha shambani. Hapo akafanya wanachofanya wanawake wote wa kijiji kila kiangazi: kila alasiri aliingia kwenye mahindi, akachuma majani kuanzia chini kwenda juu, akarudi na mzigo kichwani kwa ajili ya nyati wake wa maziwa. Majani haya yalikuwa manono kuliko ya miaka yote, basi alichuma kwa raha. Nyati akang'aa. Samli ikajaa mitungi.

"Ya kwako yamekonda kama mwenyewe," alimwambia jirani yake, Umm Shawqi, aliyepanda mbegu ya zamani. "Nyati wako si atakula udongo?"

Wakavuna. Wakamenya. Mihindi ilikuwa vidole, ncha zake tupu, punje zimeachana. Umm Shawqi alikuja kutazama, akaleta na wa kwake mmoja, akaulaza kando. Ulikuwa sawasawa na ya kwao. Yule mwanamke akaondoka zake anatabasamu.

Metwali akatia mihindi ndani ya gunia, akaenda mjini anaunguruma. Inshirah akamfuata. Fedheha ya mumewe alikuwa ameilipia, hakuwa tayari kuikosa.

Wagdi aliugeuza muhindi mmoja mkononi. "Majani mliyaacha?"

"Majani gani?" Metwali aliuliza.

"Ya mahindi, Abu Rifaat. Hamkumpa nyati?"

"Sasa nyati ale nini, marashi yako?"

"Jani ndilo linalopika punje. Mmebomoa jiko, halafu mnanidai chakula!"

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Hukuniuliza."

Siku ile alikuwa ameapa kwa kila kitu, kijana yule, hata kwa macho ya mama yake. La majani ndilo lililomshinda kusema. Lakini Inshirah hakuwa na nguvu ya kumdharau. Kiangazi kizima alikuwa amemcheka mumewe, na mikono iliyoichuma bangili, jani baada ya jani, ilikuwa yake. Aliona haya hata kuitazama.

Njiani alingoja kutukanwa. Metwali badala yake alikuwa amechangamka.

"Umesikia? Kumbe mbegu ni nzuri! Mwakani jani haliguswi. Utanipa zile hereni zako..."

"Na nyati atakula nini?"

"Tutamnunulia malisho."

"Kwa kitu gani? Kwa mihindi ya kwenye gunia hilo? Abu Rifaat, mbegu ile ni ya watu wasio na nyati."

Walipofika nyumbani, Metwali akasimama mbele ya yule nyati, akamtazama toka pembe hadi mkia. Uso wake ukakunjuka.

"Basi," akasema, "si tumuuze?"

Inshirah alifungua kamba, akamwingiza nyati ndani mpaka chumbani, akamfunga kwenye mguu wa kitanda, upande anaolala Metwali.