Madude Manne na Waya Mmoja

Roho ilikuwa juu juu wakati fundi cherehani akichomoa dude la nne. Kwa miaka sita, kila spika zake zilipovuma, alipachika kifaa kingine cha mtumba kati ya kompyuta na amplifaya, na kila kifaa kilizidisha mvumo. Sasa mfuko ulikuwa umetoboka. Pesa zilitosha waya mmoja tu, kutoka kompyuta moja kwa moja hadi amplifaya.

“Baba watoto, ukiiharibu sauti ya baba mkwe, usije kunililia,” mkewe alimwambia kutoka jikoni.

Hofu yenyewe ndiyo hiyo. Marehemu baba yake alirekodiwa mara moja tu akipiga gitaa, na rekodi hiyo ilikuwa humo kwenye kompyuta. Akachomeka waya, akabofya kuicheza.

Gitaa likatoka safi, bila mvumo. Kisha, humo humo kwenye rekodi, nyuma ya gitaa, sauti ya mama yake, naye marehemu, ikafoka: “Weka chini hilo gitaa, chakula kinapoa!”

Mkewe akachungulia. “Nani huyo?”

Fundi akairudisha rekodi mwanzo. Alikaa sakafuni, katikati ya madude manne aliyoyanunua ili asikie vizuri.