Injini ya Miwa ya Kukhu

Juzi, jikoni kwangu hapa Kitale, sukari iliniungulia kwenye sufuria, na harufu ile ikanirudisha Sirisia mpaka nikakaa chini. Wewe uliyekulia upande ule utanielewa. Kila likizo mama alinipeleka kwa nyanya, tuliyemwita Kukhu, na kabla hatujafika tulisikia injini yake ya dizeli ikikohoa, ikizungusha kinu cha kukamua miwa. Maji ya miwa yalichemshwa kwenye karai kubwa mpaka yakawa sukari guru. Sisi watoto tulianika makapi, maana ndiyo yaliyokuwa kuni, kisha tukapewa mwiko turambe, nyigu wakituzunguka masikioni.

Likizo moja tulikuta kimya. Shafti ya ndani ya injini, ile yenye vibonge vya kusukuma valvu zifunguke kwa zamu, ilikuwa imekatika. Na miwa ilikuwa imeshakatwa yote, imelala uani juani. Miwa ikishakatwa huchacha upesi.

Mjomba, mwana wa Kukhu, alikimbia Kitale akarudi na shafti nyingine aliyoitoa kwenye injini iliyokufa. Alikuwa anacheka. "Mama, kesho unakamua!"

Fundi akaitwa, akaifunga. Lakini alipozungusha hendeli, ilizunguka kwa wepesi, bila kumpinga hata kidogo, na injini haikushika. Akaweka kiganja kwenye mdomo wa ekzosi, bomba la moshi, akamwambia mjomba azungushe.

"Pumzi yote inatokea hapa," akasema. "Valvu hazifungi."

"Si ulegeze skrubu zake, bana?"

Fundi alilegeza hadi mwisho. Bado. Akaichomoa shafti, akailaza kando ya ile iliyovunjika, na hata mimi niliona: vibonge vya hii mpya vilikuwa vinene zaidi. Ilikuwa ya injini ya aina nyingine. Valvu zilisukumwa wakati wote, hazikupata nafasi ya kurudi mahali pake.

Tayari tulinusa miwa ikichacha. Mjomba akaomba vile vijiti vinavyosukuma valvu vipunguzwe urefu. Fundi hakutaka. "Zitafunga, lakini zikifunguka zitaingia ndani mno, zinaweza kugonga pistoni."

Kukhu alimtazama mwanawe, akatazama miwa. "Jaribu tu, baba," akamwambia fundi, naye akavipunguza.

Ikawaka! Kukhu alipiga vigelegele, jirani akaja mbio. Miwa ya kwanza ikaingia kinuni. Kisha ukatoka mlio mkali wa chuma, na injini ikakwama pale pale. Valvu ilikuwa imekatika, ikatoboa pistoni.

Mjomba alifunika uso. "Ni mimi nimeiua, Mama."

Kukhu alichukua panga akaanza kuwakatia ng'ombe miwa. Walikula mpaka wakakataa, iliyobaki ikaoza. Msimu uliofuata aling'oa mashina yote akapanda mahindi kama kila mtu. Mjomba alihamia Bungoma mjini, akawa anakuja nyumbani kukiwa na matanga tu. Kukhu alipokufa alikuja pia, akasimama mbali.

Mwaka huu nilienda tena. Uani kuna sakafu ndogo ya saruji yenye bolti zilizoota kutu, na watoto wa pale huikalia wakipukuchua mahindi.

"Ati hapa palikuwa na nini?" mmoja akaniuliza.

"Injini."

"Ya gari gani?"

Nilifungua mdomo nimweleze, nikatazama huku na huku nitafute mtu wa kunisaidia kukumbuka mlio wake. Hakukuwa na hata mmoja aliyewahi kuusikia.