Kioo cha Baba na Kiota cha Kabasa

Miaka ile ya foleni za sabuni, Baba alinituma nikamtazamie viota viwili vya kipanga, kimoja mwambani Butiama, kingine mtini Kabasa, karibu na Bunda. Tangu ujana wake alikuwa akiwafuatilia ndege hao, lakini sasa macho yalikuwa yamefunga ukungu. Siku nzima alikaa nyumbani kwetu Nyakato kando ya zizi lake tupu, ambalo hakutaka livunjwe, akisema ng'ombe watarudi. Sababu ya kunituma haraka ilitoka Bunda. Paa la Shangazi Nyabise, dada yake, lilikuwa limeanguka, na boriti alizitaka kwenye mgunga wetu wa Kabasa, wenye kiota. Kiota hicho kilikuwa kimekosa kinda miaka miwili. Yeye na Baba walikubaliana kwamba kikikutwa kitupu tena, mti ukatwe.

Asubuhi ya kuondoka, Baba alinikabidhi kioo chake cha kunyolea, kioo pekee nyumbani, nikifunge kwenye fito nichungulie kiotani. Mimi mwalimu wa baiolojia sikuwahi kufikiria hilo.

Butiama nilifika mchana, nusu ya njia kwa miguu. Mzee Wambura, rafiki wa Baba, alinipandisha mlimani hadi juu ya mwamba. Chini yetu, kwenye ukingo wa jiwe, kinda mweupe alikuwa akipiga miayo.

“Hawa wa mwambani hawakosagi mtoto,” alisema. “Tumbili hafiki. Wale wa mtini wanahangaikaga bure.”

Nilifurahi, kisha nikawaonea huruma wale wa Kabasa.

Kesho yake nilipata lori la pamba, nikashuka Bunda nikiwa mweupe kichwa kizima. Shangazi alinicheka kwamba nimezeeka njiani, akanipa ugali wa mtama na dagaa. Shoka lilikuwa limeshanolewa, limeegemezwa ukutani.

Jioni mimi na Shangazi tulikwenda Kabasa, tukaunganisha fito mbili chini ya mgunga, tukainua kioo kupita miiba. Kilitikisika, kikaonyesha mawingu, halafu kiota. Hapakuwa na yai wala kinda. Nilitamani kudanganya, lakini nikamwambia kweli.

Shangazi akataka kujionea. Alitazama muda mrefu, shingo imepinda.

“Yale majani mabichi ni ya nini?”

Nilimweleza kwamba kipanga hutandika majani mabichi kiotani, na hawa huenda walikuwa wanajiandaa kutaga. Alizishusha fito polepole. Shangazi alizika watoto watatu wachanga, na wa nne hakupata. Nililikumbuka hilo nikiwa nimeshasema.

“Wametandika, mwanangu,” alisema. “Nitawafukuzaje? Mimi nitalalaga jikoni.”

Tuliporudi kwake, akalirudisha shoka ndani.

Nyakato nilirudi siku ya tatu, nikamkuta Baba palepale kando ya zizi. Nilianza na habari njema ya Butiama. Aliitikia kwa kichwa tu.

“Na Kabasa? Mtoto yupo?”

“Hajaja, Baba. Wametandika.”

“Na Nyabise?”

“Analala jikoni.”

Nilichojifunza kuhusu kipanga ni kwamba mwamba hulea vizuri kuliko mti, nami huwafundisha hivyo wanafunzi wangu. Lakini kipanga wa Kabasa hawakuwa na mwamba. Walikuwa na mgunga na Shangazi yangu, na hilo sikulikuta katika kitabu chochote.

Baba alikipokea kioo, akakifuta kwa shati ingawa hakuweza kujiona. Kisha akapapasa nguzo za zizi lake, moja baada ya nyingine, kama anazihesabu kwa mkono.

“Kesho uzing'oe,” alisema. “Zinamtosha dada yangu.”