Kadi Alizozibania Mzee Pindo

Miaka arobaini na miwili Mzee Pindo alishona nguo za watu bila kutupa hata kipande. Mabaki ya kitambaa aliyashona mifuko, na mifuko ikichakaa aliifanya matambara ya kufutia cherehani. Msimwite bahili, jamani! Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo imani yake, na mkewe, aliyekuwa akimshonea matundu ya vifungo kwa mkono, alishaizoea.

Walipovuka sitini, serikali ikawapa kadi za bima ya afya ya wazee, kila mtu na yake. Mzee akazichukua zote mbili, akazifungia kwenye droo ya cherehani.

"Hizi ni za ugonjwa mkubwa," alisema. "Tukizichezea kwa mafua, siku ya siku tutakuta zimekwisha."

Nani kamwambia kadi inakwisha? Hakuna! Alijiambia mwenyewe, akajiamini.

Basi mafua wakayanywea maji ya moto. Kisha mkewe akaanza kukosea matundu ya vifungo. Akalalamika kwamba upande wa kushoto anaona ukungu, akaomba kadi yake.

"Subiri kidogo, mama watoto. Huo ni uzee tu, bado haujawa ugonjwa."

Kidogo hicho kikawa miaka miwili. Asubuhi moja mama wa watu akamimina chai pembeni ya kikombe, ikamchuruzikia mumewe gotini. Hapo ndipo droo ikafunguliwa.

Hospitalini, Mzee Pindo aliinama kwenye dirisha la bima, akanong'ona, "Binti, hebu nitazamie. Zitatosha wakisema ni upasuaji wa macho? Hatujawahi kuzigusa."

"Kutosha vipi, babu?"

"Zisije zikatuishia katikati."

Karani akacheka, kisha akauona uso wa mzee, akasogea karibu na dirisha. "Babu, hizi si vocha za simu. Haziishi kwa kutumika. Hata mngekuja kila wiki, mngetibiwa. Na macho ya wazee tunayapima bure kila mwaka."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka, babu."

Mzee alishika ukingo wa dirisha. Watu wa nyuma wakaguna asogee. Hakuwasikia.

Daktari alimmulika mama macho kwa muda mrefu, akavuta kiti karibu yake. "Mama, hii ni presha ya macho. La kushoto limeshakwenda, halitaona tena. La kulia tutalipigania, tunaanza leo. Mngewahi miaka miwili iliyopita, yote mawili yangekuwa yanaona."

"Mungu wangu!" Mzee Pindo alipiga ukelele hadi nesi akachungulia mlangoni. "Nimefanya nini mimi? Mama watoto, wallahi, nilikuwa nakutunzia!"

Mkewe hakulia. Aligeuza kichwa taratibu, akamtafuta kwa lile jicho lililobaki mpaka akampata. Mzee akatamani atukanwe, apigwe hata kofi, yaishe.

"Ulitunza kadi, baba watoto," alisema mama. "Mimi hukunitunza."

Akanyoosha kiganja. Mzee akampa kadi yake kwa mikono miwili, naye akaitia kifuani, akamgeukia daktari.