Mtani wa Mama

Kuchora ukoo, yule binti nilimfundisha mimi. Hilo nalisema mapema, maana baadaye watu walilisahau haraka sana.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa nafundisha elimu ya urithi chuoni Dar es Salaam, na utafiti wangu ulikuwa wa saratani ya matiti. Niliamini kuna koo zinazoirithisha, na kwamba tukizijua tutawapima wanawake wa koo hizo mapema, uvimbe ukiwa bado mdogo kama punje ya karanga. Kila mwaka niliwachorea wanafunzi ukoo wangu mwenyewe ubaoni, duara kwa mwanamke, mraba kwa mwanamume. Chini ya duara la bibi mzaa mama niliandika: homa. Ndivyo mama alivyoniambia.

Binti huyo alikuwa mwanafunzi wangu, kisha msaidizi wangu. Mzaramo, sauti kubwa, kusoma kwa shida, ila mkono mwepesi kwenye sindano. Kwa ajili ya mkono huo nilimchukua safari ya kwetu Usoke, Unyamwezini. Tulilala mjini, Kanyenye, kwa shangazi, kesho yake tukapanda treni ya Kigoma. Kijiji kilikuwa kimehamishwa, nyumba zimepangwa kwa mistari karibu na stesheni, na mama alikuwa bado anainung'unikia nyumba yake ya zamani.

Nilianza kazi kwa adabu, kama nilivyolelewa. Niliwapigia magoti kina mama wa kijiji, nikawaamkia shikamoo, nikaitikiwa marahaba kwa upendo mwingi. Nilipouliza mama zao walikufa kwa ugonjwa gani, walinijibu: homa. Tumbo. Kazi ya Mungu. Nilijua wananificha, lakini ningefanyaje? Binti hamuulizi mama yake habari za matiti yake, hata awe na shahada ngapi.

Siku iliyofuata mama alimuuliza msaidizi wangu kabila lake. Aliposema Mzaramo, kina mama wakapiga vigelegele. Tangu babu zetu walipobeba pembe za ndovu kwenda Pwani, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na mtani huoni haya mbele yake, hata matangani hutania na hakuna wa kumkasirikia. Nilikuwa nayajua hayo tangu utoto. Sikuwahi kufikiri yana kazi katika sayansi.

"Kumbe ndio nyie mlioleta pembe kwetu mkapewa shanga," yule binti alisema, mkono wake tayari umo chunguni, anachota viazi vya mama bila kukaribishwa.

"Na nyie mkacheza ngoma huku mkila jasho letu," mama akamjibu. Mama yangu huyo, Mkristo wa Moraviani asiyecheka hata harusini.

"Haya, mpagazi, twende ndani unionyeshe hayo matiti. Yakinipendeza nayachukua."

Mama akainuka, akaenda. Mimi nilibaki uani na kina mama wengine, nasikia kicheko kupitia dirisha.

Yule binti alipotoka hakuwa akicheka. "Mwalimu, mama ana uvimbe. Ni mdogo, bado unasogea ukiugusa. Anasema ameuficha tangu mavuno ya tumbaku." Akainamisha macho. "Na bibi yako hakufa kwa homa. Ziwa lilioza."

Hofu ilinijia, lakini wivu uliitangulia. Mama alikuwa na mtoto mtaalamu wa ugonjwa huohuo, akaenda kumwambia mla viazi. Kufikia jioni yule binti alikuwa amezunguka kijiji kizima, na koo nilizochora mimi zilikuwa zimefutwa na kuchorwa upya. Tulipopita Kanyenye na mama tukirudi Dar es Salaam, shangazi alimkumbatia yule binti, akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nilinyanyua kikombe nikainywa chai ingali ya moto.

Mama alipasuliwa Dar es Salaam, akaondolewa ziwa moja. Daktari alisema tumewahi, ugonjwa haujasambaa. Chuoni wote walimpongeza msaidizi wangu, na wanafunzi waliokuwa wakinifuata mimi na maswali yao wakaanza kupanga mstari mlangoni kwake. Niliitikia pongezi hizo kwa tabasamu, na meno yaliniuma.

Siku ya kubadilisha bandeji nilinawa mikono, nikamwambia muuguzi kazi hiyo niachiwe mimi. Nilivuta pazia, nikashika pindo la khanga. Mama akaikamata kwa mikono yote miwili na kuipandisha mpaka kidevuni.

"Mwanangu," alisema kwa upole, "niitie mtani wangu."

Nikatoka, nikamwita. Nilisimama upande wa pili wa pazia nikisikia maji yakimiminwa kwenye karai, na yule binti akimuuliza mama pembe nyingine kaificha wapi. Mama alicheka mpaka akalalamika kwamba nyuzi zinamvuta, kisha akacheka tena. Katika maisha yangu yote sijawahi kumchekesha mama hivyo.