Vidole vya Kupimia Jaa

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Michenzani nyota hazikunyooshewa kidole. Bibi, mama yake baba, mtu wa Tumbatu, alisema nyota ukiinyooshea hukasirika, ikakuotesha chunjua kwenye kidole hicho hicho, na ulichokuwa ukikitafuta ukakikosa. Chunjua sikuiogopa sana. Lililoniingia rohoni ni hilo la pili.

Baba alikuwa baharia wa meli ya mizigo. Kabla ya safari yake ya Maskati alinisimamisha kwenye ujia wa ghorofa yetu, juu kabisa, bahari ikionekana nyuma ya mapaa. Akanyoosha mkono mbele, vidole vinne vimebanwa na kulazwa kimoja juu ya kingine.

"Wazee walipima hivi. Kidole cha chini kiguse bahari, kisha uhesabu mpaka kwenye nyota. Ya kaskazini inaitwa Jaa. Meli ikenda kaskazini, na Jaa inapanda. Tukirudi inashuka, hata inazama. Ikizama, ujue tushakaribia nyumbani."

"Lakini vidole vyangu vidogo, baba."

"Na mkono wako mfupi. Hesabu ni ile ile."

Bibi alikuwa mlangoni anatusikiliza. "Mkono mzima, haya," akasema. "Kidole kimoja, sitaki kusikia."

Baba akaondoka, nami kila siku baada ya Maghribi nikawa ujiani na mkono wangu. Hakuna aliyenionyesha Jaa ni ipi, na mimi, mjuaji, sikuuliza. Nikachagua nyota iliyong'ara kuliko zote upande wa kaskazini. Ilikuwa vidole vinane. Baada ya siku chache ikawa sita, kisha vinne. Baba anarudi! Nilitangaza nyumba nzima, na Bibi, ambaye hakuwa mwepesi wa kuamini mtu, akaagiza pweza wa kumpikia.

Jioni ile nyota ilipogusa maji nilikuwa na rafiki yangu wa mlango wa pili. Furaha ikanipanda kichwani. "Ile pale!" nikamwambia, na kidole changu cha shahada kikanyooka chenyewe. Bibi aliniona.

Nyota ikazama. Baba hakuja siku ya pili wala wiki ile. Pweza tukamla wenyewe. Kisha kwenye kidole kile pakaota kitu kidogo, kigumu. Nilijifungia chooni nikalia, maana nilijua nimemzamisha baba yangu.

Simu ya mama ilipolia, niliinyakua.

"Baba! Uko wapi?"

"Maskati, mwanangu. Meli iliharibika, tumekaa tu. Jaa iko vidole kumi na viwili."

"Mbona huku imezama?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Asha, Jaa kwetu haionekani kabisa. Iko chini ya bahari siku zote. Mwenye kuipima ni mimi, niliye safarini. Hizo nyengine zote zinatembea, zinazama kila siku."

Bibi aliposikia mwanawe yu mzima alimshukuru Mungu kwa sauti, kisha akakishika kidole changu na kukitazama. "Chunjua lakini umeipata," akasema.

Ilidondoka baadaye, sijui lini. Daktari atakwambia kuwa watoto huambukizana, nami namwamini. Hata hivyo wanangu siwaachi kuzinyooshea nyota kidole.

Mwaka jana nilikwenda Maskati kumtazama shangazi. Jioni nikashuka pwani, nikauliza Jaa ni ipi, safari hii nikauliza. Ni nyota ya kawaida tu, hata haing'ari sana. Nililaza vidole vinne, na vinne, na vinne tena. Utoto wangu wote nilidhani tunapima nyota, kumbe tulikuwa tunapima umbali wa mtu.

Nikampigia baba, ambaye siku hizi yuko nyumbani Mpendae na macho yameshaanza kumtupa.

"Vidole vingapi?" akauliza kabla sijamaliza kumwamkia.

"Kumi na viwili, baba."

"Basi uko mbali," akasema. "Rudi."