Kitovu cha Junior

Kabla sijazoea kubishana na walimu, nikiwa bado mdogo, tulikaa apatimenti za Irving, huku Marekani, pale ndege zinapita chini hadi vikombe vinatetemeka kabatini. Shosho, bibi yetu, alikuja kutoka Kenya kumsaidia mathe na mtoto mchanga, ndugu yangu Junior. Kitovu kilipokauka na kuanguka, kidogo kama zabibu kavu, shosho alikifunga kwa kitambaa, akakizika kwenye maua kando ya paking.

"Shosho, mbona hapo?"

"Mtoto ametoka kwa udongo. Kipande chake kikirudi huko, atatulia. Na hapa nani atachimba? Mtu hapandi maua mazuri hivi halafu ayang'oe."

Wiki hiyo hiyo mwalimu wa sayansi akauliza miili yetu imetoka wapi. Nikainua mkono mbio. Nikasema udongoni, nikaeleza hadi ya kitovu. Darasa zima likacheka, jamaa mmoja akaniita mtoto wa matope. Mwalimu akanipa lile tabasamu la kukuhurumia. Akasema hizo ni imani za kwetu. Chuma kilicho kwenye damu yangu kilitengenezwa ndani ya nyota, nyota zikalipuka.

"Halafu hicho chuma kikaenda wapi?"

"Kikawa sehemu ya dunia. Miamba, udongo."

"Si ndio nimesema?"

"Kaa chini."

Manze, hiyo bado inaniuma.

Nikarudi nyumbani nimefura, nikamkuta shosho paking, leso imemtoka kiunoni, akiwapigia kelele wafanyakazi wa bustani. Maua yote yameng'olewa. Kumbe huku yanabadilishwa kila msimu, kama mapazia! Udongo ulikuwa ushapakiwa kwenye lori.

"Rudisheni! Mtoto wetu yumo humo!"

Hakuna aliyejua Kiswahili. Meneja akatoka, akamwambia mathe amtulize mzee wake. Mathe akaomba msamaha. Msamaha wa nini, jameni? Lori likaondoka.

Shosho akakaa kwenye simiti. "Basi huyu hatatulia."

Na hajatulia. Tumehamia DeSoto, Houston, kisha Dallas. Mkataba ukiisha, tunaambiwa tutoke. Junior ameanza kuota ndevu, na hadi leo nguo zake anaziacha kwenye maboksi.

Sisemi ni kitovu. Labda ni mameneja tu. Lakini mlinicheka, halafu mkanifundisha kwamba mwili wangu ni vitu vya dunia hii. Sawa, nimekubali. Sasa mbona dunia yote hii ikakosa mahali pa kuacha kitu kidogo kama zabibu?